Denis Burkitt: daktari wa Mulago aliyetafuta chanzo cha kidoletumbo

Katika vijiji vya Muleba na Bukoba, maumivu ya tumbo upande wa kulia chini yana maelezo mengi. Wengine husema ni chango. Wengine husema ni ngiri. Wapo wanaolaumu mchanga uliobaki kwenye wali, au mbegu za mapera. Mgonjwa akifika hospitali anaambiwa ni kidoletumbo na kwamba anatakiwa kupasuliwa. Hapo ndugu wanatazamana na kuuliza: je, hakuna dawa ya kumeza au sindano? Ni lazima kisu?

Swali hilo ni la haki, na madaktari duniani nao wamekuwa wakiliuliza. Ili kulijibu vizuri tunakuletea maisha ya daktari mmoja wa upasuaji aliyefanya kazi karibu na sisi, Mulago, Kampala, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Bukoba kupitia Mutukula. Jina lake ni Denis Burkitt. Alikufa mwaka 1993, lakini mambo aliyoyauliza bado yanatugusa: kwa nini watu wanaugua kidoletumbo, na ni wakati gani daktari wa upasuaji anaweza kuweka kisu chini.

Kijana mwenye jicho moja

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini alipenda sana ndege. Aliwafunga ndege wadogo pete miguuni na kuchora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi na mipaka yake ni ipi. Mtoto alikua akiona ramani hizo nyumbani. Baadaye zilimsaidia kuliko mtu yeyote angedhani.

Akiwa na umri wa miaka 11, wanafunzi walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilimpiga kwenye miwani, na jicho moja likapotea. Aliishi na jicho moja maisha yake yote.

Alianza chuo kikuu Dublin akisomea uhandisi kama baba yake. Kisha akabadili mawazo na kusomea udaktari, kwa sababu aliamini huo ndio wito wake wa Kikristo. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Waingereza Afrika alikataliwa: walisema daktari wa upasuaji mwenye jicho moja hafai. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilimpokea, likamleta Kenya na Somalia. Akiwa likizo alitembelea Uganda, akaipenda. Vita vilipoisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Daktari anayeuliza wapi

Huko Lira, Burkitt alikuta wanaume wengi wenye mabusha. Aliwafanyia upasuaji, lakini hakuishia hapo. Aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba upande mmoja wa wilaya ulikuwa na mabusha mengi sana, na upande mwingine ulikuwa nayo machache. Watu walikuwa majirani, lakini ugonjwa ulifuata mahali. Leo tunajua kwamba mabusha mengi ya aina hiyo huletwa na minyoo midogo ya matende inayosambazwa na mbu.

Kutoka Lira alihamishiwa hospitali ya Mulago, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kusikika. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kuangalia mtoto wa miaka 5. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Mmoja ungeweza kuwa wa bahati mbaya. Wawili walimfanya aanze kupekua kumbukumbu za wagonjwa. Akakuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya ambao pia walikuwa na uvimbe tumboni, kwenye figo au kwenye ini. Ilikuwa saratani moja yenye sura nyingi. Mwaka 1958 aliandika habari zake, na leo dunia nzima inaiita limfoma ya Burkitt.

Akauliza tena swali lake: wapi? Alituma barua kwenye hospitali nyingi za Afrika zikiwa na picha za watoto, akiuliza kama wameona uvimbe kama huo. Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri kwa wiki 10 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika. Walitembea kama kilomita 16,000 na kufika katika hospitali zaidi ya 50. Waligundua kwamba uvimbe huo haupatikani kwenye milima mirefu yenye baridi wala kwenye maeneo makavu. Ulipatikana sehemu zenye joto na mvua, kwa kawaida chini ya mita 1,500. Ndiko yanakozaliana mbu wa malaria.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo mwambao wetu wa Bukoba na Muleba umo ndani ya ukanda huo. Hata leo, watoto wa Kanda ya Ziwa wenye uvimbe huo hupelekwa kutibiwa Bugando, Mwanza. Baadaye wanasayansi Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walipata kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotumwa London kutoka Uganda, nacho kikaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Malaria ya mara kwa mara ikimdhoofisha mtoto, kirusi hicho hupata nafasi.

Alipoweka kisu chini

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayotupeleka kwenye swali la kisu na dawa. Burkitt alikuwa mpasuaji, na alijaribu kuuondoa uvimbe wa taya kwa upasuaji. Haikusaidia. Ukikata taya, uvimbe uko pia tumboni, na mtoto anakufa. Mulago wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi. Basi akaomba dawa za saratani kutoka kwa kampuni zilizokuwa zikizitengeneza, na kuwapa watoto kwa kiasi kidogo. Uvimbe uliyeyuka. Wengine ulirudi, lakini baadhi ya watoto walipona moja kwa moja baada ya dozi chache tu. Wakati huo madaktari wachache sana waliamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa pekee.

Burkitt hakuona aibu kwamba dawa imefanya ambacho kisu kilishindwa. Hakusema pia kwamba kisu hakina kazi. Kwa kila ugonjwa alitaka kujua upi unasaidia, kwa mgonjwa gani, na ushahidi uko wapi. Tuiweke njia hiyo akilini tunapoendelea.

Ugonjwa wa mezani

Mwaka 1966 Burkitt aliondoka Uganda baada ya miaka 20 na kurudi Uingereza. Huko alikutana na daktari wa zamani wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyesema kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na chakula kilichokobolewa na kusafishwa kupita kiasi. Burkitt akakumbuka wodi za Mulago. Katika miaka yote ile alikuwa amefanya upasuaji mwingi, lakini wagonjwa wa kidoletumbo kutoka vijijini walikuwa wachache mno. Uingereza, kwa upande mwingine, kuondoa kidoletumbo ilikuwa moja ya kazi za kila siku za mpasuaji.

Akaanza tena kuandika barua. Kila mwezi alituma fomu kwenye hospitali nyingi za misheni Afrika na kwingineko, za aina ambayo wakazi wa Muleba wanaifahamu kupitia Ndolage, Rubya na Kagondo. Aliuliza mambo machache: mwezi huu mmepata wagonjwa wangapi wa kidoletumbo? Wanaishi mjini au kijijini? Majibu yalifanana. Kijijini ugonjwa ulikuwa adimu. Watu walipohamia mjini na kula mkate mweupe na sukari, ulianza kuonekana.

Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1971, yalikuwa hivi. Kidoletumbo ni kifuko chembamba kama kidole, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia. Mdomo wake ni mwembamba. Mtu akila chakula kisicho na makapimlo, yaani nyuzinyuzi, kinyesi kinakuwa kidogo na kigumu. Kipande kigumu kama kijiwe kinaweza kuziba mdomo wa kidoletumbo. Ute unajikusanya ndani, shinikizo linapanda, damu haipiti vizuri, bakteria wanashambulia. Kidoletumbo kinavimba, na kikiachwa kinaweza kuoza na kutoboka.

Ili kuthibitisha, yeye na wenzake walipima muda ambao chakula hutumia kupita tumboni. Kwa wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, ilikuwa kama siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa Uingereza ilizidi siku tatu, na kinyesi cha wanavijiji kilikuwa kizito zaidi ya mara tatu. Burkitt hakuona haya kuzungumza habari za choo mbele ya maprofesa. Alipiga hata picha za vinyesi vichakani na kuzionyesha kwenye mihadhara. Watu walicheka, lakini hawakusahau.

Mfano alioupenda ulikuwa wa bomba lililoachwa wazi. Maji yanafurika sakafuni, na madaktari wanapiga deki usiku na mchana. Hakuna anayekwenda kufunga bomba. Kwake, upasuaji na dawa vilikuwa kupiga deki, na chakula kilikuwa kufunga bomba.

Je, alikuwa sahihi? Kuhusu kufunga choo na magonjwa kadhaa ya utumbo mpana, utafiti wa baadaye umemuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Kuhusu kidoletumbo, alipata sehemu tu. Daktari mwingine Mwingereza, David Barker, alionyesha miaka ya 1980 kwamba chakula peke yake hakitoshi kueleza jinsi ugonjwa ulivyopanda na kushuka Uingereza. Yeye alihusisha pia mabadiliko ya usafi na maambukizi ya utotoni. Tena, hesabu za hospitali zina kasoro: mgonjwa aliyefia kijijini kabla ya kufika wodini haonekani kwenye fomu. Na mtu anayekula ndizi na maharage kila siku naye anaweza kuugua. Hivyo sahani nzuri ni kinga ya jumla, haikupi hati ya kutougua.

Lakini sahani hiyo tunayo, na inafaa tuitunze. Ndizi kutoka kibanjani, maharage, viazi vitamu, mboga za majani na matunda vina makapimlo ya kutosha. Tangu mnyauko ulipoingia kwenye migomba ya Kagera mwaka 2006, kaya nyingi zimeegemea unga. Ukiweza kuchagua, dona ni bora kuliko sembe iliyokobolewa.

Dawa au kisu: utafiti unasema nini

Burkitt alikufa tarehe 23 Machi 1993. Miaka iliyofuata ndipo swali la antibiotiki, dawa za kuua bakteria, lilipofanyiwa majaribio makubwa ya kidoletumbo.

Finland walichukua watu wazima 530 wenye kidoletumbo ambacho hakijatoboka. Nusu walipasuliwa. Nusu nyingine walilazwa na kupewa antibiotiki kwenye mshipa kwa siku 3, kisha vidonge kwa siku 7. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa, 73 katika kila 100 hawakuhitaji upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Walipofuatiliwa hadi miaka 5, karibu 39 katika kila 100 ugonjwa ulikuwa umerudi. Marekani nao walifanya jaribio kwa watu wazima 1,552, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Kati ya waliopewa dawa, kama 3 katika kila 10 walikuwa wamepasuliwa ndani ya siku 90.

Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo: kwa baadhi ya wagonjwa dawa zinaweza kutibu kidoletumbo bila kisu. Lakini angalia masharti. Wagonjwa wa Finland walipimwa kwanza kwa kipimo cha CT, ambacho hakipo zahanati. Wenye kijiwe ndani ya kidoletumbo hawakuingizwa. Huko Marekani wenye kijiwe waliingizwa, na kati yao waliopasuliwa walifika 4 katika kila 10. Kijiwe hicho ndicho kilekile cha kinyesi kigumu ambacho Burkitt alikiweka katikati ya maelezo yake. Palipo na kijiwe, dawa hufanya kazi kwa shida, kwa sababu mlango bado umezibwa.

Sharti jingine ni umbali. Wagonjwa wale walitibiwa katika hospitali zenye chumba cha upasuaji. Dawa ikishindwa, daktari alikuwa karibu. Mvuvi aliyeko kisiwa cha Goziba au Bumbire, ambaye ugonjwa ukirudi usiku lazima asubiri mtumbwi na ziwa litulie, hayuko katika hali hiyo. Kwake, upasuaji wa mara moja unaweza kuwa salama zaidi kuliko dawa inayoacha uwezekano wa ugonjwa kurudi. Mgonjwa anaruhusiwa kumuuliza daktari: kidoletumbo changu kimetoboka au bado? Kuna kijiwe? Nikipewa dawa, nikae karibu na hospitali kwa muda gani?

Kidoletumbo kilichotoboka ni jambo jingine kabisa. Usaha unasambaa tumboni, na kwa kawaida hapo mgonjwa anahitaji upasuaji na antibiotiki kwa pamoja.

Hatari ya dawa za dukani

Matokeo haya yasieleweke vibaya. Vidonge vya kununua duka la dawa, vinne leo na vinne kesho, sio matibabu yaliyopimwa Finland. Vinaweza kupunguza homa na maumivu kwa siku moja au mbili huku kidoletumbo kikiendelea kuoza. Mgonjwa anafika hospitali amechelewa, na daktari anakuta dalili zimefichika. Tena, dozi zisizokamilika huwazoesha bakteria dawa, na siku ya kuihitaji kweli haifanyi kazi.

Ni tofauti pale mhudumu wa zahanati au kituo cha afya anapompiga mgonjwa sindano ya antibiotiki kabla ya kumpa rufaa. Hiyo ni daraja la kumfikisha hospitali. Mgonjwa akijisikia nafuu njiani, safari iendelee.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Mara nyingi maumivu ya kidoletumbo huanza karibu na kitovu. Baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kukaa hapo. Mgonjwa hataki chakula, anasikia kichefuchefu au anatapika, na anaweza kuwa na homa kidogo. Akikohoa, akiruka au gari likipita kwenye shimo, maumivu yanaongezeka. Kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito dalili zinaweza kuwa tofauti, hivyo wasisubirishwe.

Maumivu yakipungua ghafla, kisha tumbo lote likawa gumu na homa ikapanda, huo si uponyaji. Kidoletumbo kinaweza kuwa kimetoboka. Ondokeni mara moja.

Mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayeumwa chini ya tumbo apimwe pia ujauzito, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma vivyo hivyo na huua haraka.

Kabla ya kufika hospitali, usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha, usimwingize maji kwa njia ya haja kubwa, na usimkande tumbo. Asile, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji.

Na mambo mawili ambayo Burkitt angeyataka kwa kila mgonjwa wake: andika kwenye karatasi au kwenye simu maumivu yalianza saa ngapi na yalianzia wapi, na andika dawa zote alizokwisha kumeza. Mkabidhi daktari karatasi hiyo mlangoni. Inaweza kumsaidia kuamua haraka kama ni dawa au ni kisu.